Kuendesha bustani ya kikundi cha kujitolea katika mji mdogo: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Same

Bustani ya kujitolea haifi siku ya kupanda. Siku hiyo watu ni wengi, majembe hayatoshi, na miche yote imeshaingia ardhini kabla ya saa nne asubuhi. Hufa wiki ya tatu au ya nne, jua likiwa kali, upepo mkavu ukivuma mchana kutwa, na yule aliyesema "nitapita jioni kumwagilia" amepata safari ya Moshi. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mbegu wala jembe. Unaanza na zamu ya maji, na hatua zote zinazofuata zimepimwa kwa zamu hiyo.

Nauandika kwa kuutazama mji wa Same, mkoani Kilimanjaro: mji mdogo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, chini ya Milima ya Pare, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Milimani kuna mvua na tangawizi. Huku chini ni ukame, mbuzi na vumbi, na sehemu kubwa ya mboga za majani zinazouzwa sokoni hushushwa kutoka juu. Kikundi cha Mwanga, Korogwe, Babati au hata Voi ng'ambo ya mpaka kinaweza kuufuata kwa kubadilisha miezi ya mvua tu.

Kazi ya pamoja si jambo geni huku. Kwa vizazi vingi Wapare wamechimba na kutunza ndiva, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mifereji. Mfereji ukiziba huitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na maji ya ndiva hutolewa kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kikundi cha bustani mjini kina mahali pa kujifunzia.

Hatua ya 1: Hesabuni mikono kabla ya kuhesabu matuta

Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 lina mita za mraba 10. Wakati wa kiangazi, mboga za majani zinahitaji karibu lita 5 za maji kwa mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 50 kwa tuta, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Matuta sita yanakunywa lita 300, madumu 15. Watu wawili wenye keni za kumwagilia, bomba likiwa ndani ya bustani, wanamaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja hivi. Bomba likiwa umbali wa mita mia mbili, hesabu yote inavunjika, na hakuna moyo wa kujitolea unaoweza kuibeba kwa muda mrefu.

Sasa geukieni watu. Wanachama 14 ni jozi saba, jozi moja kwa kila siku ya juma. Kila mtu anakuja mara moja kwa wiki kumwagilia na mara moja kwa kazi ya pamoja. Kiwango hicho mama mwenye genge, mwalimu, dereva wa bodaboda na mstaafu wanaweza kukishika mwaka mzima. Kwa hiyo: watu 14 wa kweli, matuta sita. Mkiwa saba, kila mmoja na siku yake, anzeni na matuta matatu. Nasema watu wa kweli kwa sababu majina 40 kwenye orodha ya mkutano wa kwanza hayamwagilii chochote. Subirini mkutano wa tatu, kisha hesabuni waliofika yote mitatu.

Pangeni jozi kwa ujirani, ili wawili wapitiane njiani, na mchanganye mzoefu na mgeni wa kazi. Kisha wekeni kanuni moja ambayo kwangu ni muhimu kuliko katiba nzima ya kikundi: asiyeweza kufika anatafuta mbadala wake mwenyewe, na anamtaja kabla ya saa mbili usiku wa siku iliyotangulia. Kazi hiyo isiwe ya mwenyekiti. Mwenyekiti akianza kuziba mapengo ya wengine, baada ya miezi miwili atakuwa anamwagilia peke yake, naye akichoka bustani imekwisha. Karatasi ya zamu ibandikwe kwenye mlango wa stoo ya vifaa na picha yake iwe kwenye kundi la WhatsApp.

Jambo jingine: mvua ikinyesha, zamu isifutwe. Jozi ya siku hiyo ije ing'oe magugu, iangalie chini ya majani kama kuna wadudu, ipitie uzio. Zamu ikikatika wakati wa mvua, kuirudisha Januari jua likiwaka ni kazi mpya kabisa ya kushawishi watu.

Hatua ya 2: Chagueni siku isiyomfungia mtu mlango

Vikundi vingi huchagua Jumamosi bila kufikiri. Kwa Same hilo ni kosa. Upare wa Kusini ndiko Waadventista Wasabato walikofungua misheni yao ya kwanza nchini, mwaka 1903, na hadi leo waumini wao huku ni wengi. Kazi ya Jumamosi inawaacha nje. Jumapili inawaacha nje Walutheri na Wakatoliki, na Ijumaa mchana Waislamu. Tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi ina usafi wa mazingira wa kitaifa, utaratibu uliotokana na ule usafi wa Siku ya Uhuru, 9 Desemba 2015.

Napendekeza jioni ya siku ya kazi, Jumatano au Alhamisi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, mkiiepuka siku ya gulio. Saa moja na nusu inatosha. Anzeni kwa wakati hata mkiwa wanne, na malizeni kwa wakati hata kazi ikibaki. Mtu akijua hakika kwamba saa kumi na mbili atakuwa huru kwenda kupika au kufunga duka, wiki ijayo atarudi.

Hatua ya 3: Ardhi, na karatasi yake

Mnahitaji eneo la mita 15 kwa 15 hivi: matuta sita, njia za nusu mita kati yake, kona ya mboji, kitalu cha miche na stoo. Mahali pazuri ni ndani ya eneo la taasisi ambayo tayari ina maji na mlinzi: shule ya msingi, zahanati, kanisa, msikiti. Kiwanja cha mtu binafsi kinachokaa bure kinavutia, lakini mwenyewe akipata mnunuzi, mboji yenu ya miaka miwili inaondoka na kiwanja.

Epukeni hifadhi ya barabara kuu na hifadhi ya reli hata kama panaonekana pako wazi. Epukeni pia kingo za mto au korongo lenye maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka ukanda wa mita 60 unaolindwa dhidi ya shughuli za kibinadamu.

Mkishapata mahali, andikianeni. Kwa shule, barua ipitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Kwa zahanati, kwa mganga mfawidhi na kamati ya zahanati. Barua itaje mipaka ya eneo, muda (miaka mitatu ni mwanzo mzuri), nani analipa bili ya maji, nani anamiliki uzio na simtanki siku mkiondoka, na mavuno yanagawanywaje. Nakala moja mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na nyingine afisa mtendaji wa kata. Mwalimu mkuu mwema akihamishwa, karatasi hiyo itamsemea kwa mwenzake anayekuja.

Wakati huohuo onaneni na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu kusajili kikundi halmashauri. Mtaombwa katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Afisa ugani wa kata naye mkaribisheni mapema, kabla hamjapata tatizo la kumpelekea.

Hatua ya 4: Uzio kwanza, mche baadaye

Mbuzi wa Same hawahitaji maelezo. Msipande hata mche mmoja kabla uzio haujafungwa pande zote nne. Nguzo za mkonge ni nyepesi na si ghali, na matawi ya migunga yenye miba yakifungwa katikati yake yanazuia mbuzi kwa msimu mmoja au miwili, wakati uzio hai unakua. Kwa uzio hai, michongoma ni imara lakini yahitaji subira. Minyaa hushika haraka hata penye ukame, ila utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya sana. Kama bustani iko shuleni, acheni minyaa.

Upande unaotoka upepo pandeni mstari wa mlonge kwa nafasi ya mita moja moja. Mlonge unavunja upepo, hautoi kivuli kizito, na majani yake ni mboga.

Hatua ya 5: Maji yawe na vyanzo viwili

Mji ulikuwa na kiu ya muda mrefu kabla ya mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa Machi 2025. Bomba likitoka ni neema, lakini maji ya bomba yana bili, na bomba lolote lina siku za matengenezo. Mboga ya majani haivumilii siku tatu kavu. Ombeni mita yenu wenyewe, tofauti na ya shule au zahanati, ili kusitokee mabishano mwisho wa mwezi.

Chanzo cha pili kiwe paa. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita ya mraba 1 ya bati ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Toeni moja ya tano kwa yanayomwagika na yanayosafisha bati, bado mnabaki na lita 800 kutoka mvua moja. Simtanki la lita 2,000 chini ya mfereji wa bati linawapa takriban siku sita au saba za matuta sita. Hicho ndicho kinga yenu bomba likikatika. Maji ya kisima cha tambarare yaonjeni kwanza: yakiwa na chumvi, yataacha ukoko mweupe juu ya udongo na miche itadumaa.

Hatua ya 6: Matuta ya kuzama, mboji na matandazo

Huku kwenye ukame, tuta la kuinuka hukauka upesi. Fanyeni kinyume. Ondoeni udongo wa juu wenye rutuba, uwekeni pembeni. Chimbeni chini sentimita 30 na mlegeze udongo wa chini kwa jembe-uma. Rudisheni udongo wa juu ukiwa umechanganywa na mboji au samadi iliyooza, madebe mawili kwa tuta la mita 10. Hakikisheni usawa wa tuta umebaki chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15, na kingo zake zimeshindiliwa. Maji yote mnayomwaga yanabaki humo, na mvua ya ghafla haisombi mbegu.

Upana usizidi mita 1. Mtu achuchumae njiani afike katikati kwa mkono, pasiwe na sababu ya kukanyaga tuta. Waelezeni wageni jambo hili siku ya kwanza, maana unyayo mmoja kwenye udongo uliolegezwa unaharibu kazi ya jioni nzima.

Mboji ni kazi nzuri kwa wanaojitolea wasioweza kuinama muda mrefu. Pataneni na uongozi wa soko: siku moja kwa wiki watu wawili wapite na toroli kuchukua majani ya kabichi, maganda ya ndizi na mabua ya mahindi, wakitenga plastiki hapohapo sokoni. Chini ya kivuli pangeni rundo la upana wa mita 1.5: tabaka la vitu vikavu, tabaka la vitu vibichi, samadi kidogo, udongo kiganja, maji ya kulowanisha, kisha rudieni mpaka lifike kifuani. Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kitoeni: kikiwa cha moto na unyevu, rundo linafanya kazi, kikiwa kikavu, ongezeni maji, kikinuka vibaya, pindueni na muongeze vitu vikavu. Pindueni kila baada ya wiki tatu. Ndani ya miezi mitatu hivi mtapata kitu cheusi, kinachopukutika, chenye harufu ya msituni. Samadi ya zizini ipo kwa wingi kwa wafugaji wa tambarare, lakini mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Ipiteni kwenye rundo kwanza.

Matandazo ya nyasi kavu yafunike udongo kati ya mimea, sentimita 5, yasiguse shina. Nyasi ziwe hazijabeba mbegu.

Hatua ya 7: Mbegu na kitalu

Anzeni na mboga ambazo watu wa mji wanazila na zinazovumilia joto: mchicha, kunde, mnavu, nyanya chungu, matembele, bamia. Sukuma wiki na chainizi vinakwenda vizuri miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ila vinataka maji zaidi. Kabichi na karoti waachieni watu wa mlimani.

Nunueni mbegu zenye lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, na msome tarehe. Aina zilizoboreshwa za mboga zetu za asili zimefanyiwa kazi karibu tu, Tengeru mkoani Arusha, ambako pana kituo cha mazao ya bustani cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na jirani yake ofisi ya kanda ya World Vegetable Center, shirika la kimataifa la utafiti wa mboga. Ulizeni huko kuhusu mchicha wa Madiira na nyanya chungu za Tengeru. Safari ya maonyesho ya Nane Nane mjini Arusha, mkichanga nauli ya watu wawili, inalipa: wapeni orodha ya maswali na wakirudi wafundishe wengine.

Tarehe za Same ni hizi. Vuli huanza mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Miche ya nyanya chungu na mnavu inakaa kitaluni wiki nne hadi sita, kwa hiyo pandeni kitalu katikati ya Septemba kwa ajili ya vuli na mwanzoni mwa Februari kwa ajili ya masika. Mchicha na kunde havihitaji kitalu. Sieni moja kwa moja kwenye tuta.

Kitalu ni mita 1 kwa 2, mistari ya kina cha sentimita 1, nafasi ya sentimita 15 kati ya mstari na mstari. Funikeni kwa nyasi mpaka mbegu zichomoze, kisha inueni nyasi ziwe kichanja cha kivuli cha urefu wa mita moja. Punguzeni miche iliyobanana. Miche ikianguka ghafla ikiwa imenyauka shingoni, hicho ni kinyausi: punguzeni maji, ongezeni nafasi, mwagilieni asubuhi badala ya usiku. Wiki moja kabla ya kuhamisha, ondoeni kivuli kidogo kidogo na mpunguze maji ili miche ikomae. Hamisheni jioni tu, tena kwa kumwagilia kitalu kwanza ili mizizi itoke na udongo wake.

Hatua ya 8: Jioni ya kazi ya pamoja, na wadudu

Katibu aandike kazi za wiki kwenye ubao mdogo kabla watu hawajafika. Anayefika akikuta "tuta la 2: punguza mchicha, tuta la 5: ongeza matandazo, mboji: pindua" anaanza mara moja. Anayefika na kuanza kuuliza "tufanye nini?" hupoteza hamu. Wagawieni kwa uwezo: mzee mwenye mgongo mbovu akae kwenye kiti achambue mbegu au afunge mafungu, kijana apewe toroli. Maji ya kunywa na sabuni ya kunawa visikosekane.

Msizungushe ukoo mmoja kwenye tuta lilelile. Nyanya, nyanya chungu, mnavu na pilipili ni ndugu, wanaumwa magonjwa yaleyale. Baada yao pandeni kunde, kisha mchicha.

Kwa kuwa sehemu ya mboga hizi inakwenda kwa wajawazito na watoto wa kliniki (tazameni Hatua ya 10), msimamo wangu ni kuacha kabisa dawa za viwandani. Mwarobaini umejaa mjini. Twangeni kilo 1 ya majani mabichi, lowekeni kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chujeni kwa kitambaa, ongezeni sabuni ya maji kidogo, nyunyizeni jioni chini ya majani. Rudieni baada ya siku tano hadi saba. Inafaa kwa vidukari na viwavi wadogo. Utitiri mwekundu, unaopenda nyanya chungu wakati wa kiangazi, unapungua kwa kurusha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Sota anayekata miche usiku mtafuteni asubuhi kwa kufukua udongo kuzunguka mche ulioanguka. Yupo hapohapo, amejikunja. Tuta likishindikana, ng'oeni lote na mpumzishe. Mboga inayokomaa kwa wiki nne inaweza kuanzwa upya.

Hatua ya 9: Mkiwa shuleni

Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 shule zetu zimekuwa na mashamba, na hiyo ni bahati kwa kikundi chochote. Lakini watoto wengi wamelijua jembe kama adhabu ya kuchelewa namba. Wekeni wazi na mwalimu mkuu, ndani ya ile barua, kwamba hakuna mwanafunzi atakayeletwa bustanini kuadhibiwa. Mtoto aje kwa klabu, kwa hiari, awe na tuta lake lenye kibao cha jina la darasa, na ale alichopanda. Mchicha unawafaa kuanzia: wiki ya nne tayari uko kwenye sufuria ya shule. Wapimishe urefu wa mimea, wahesabu mbegu zilizoota kati ya mia. Walimu wa hisabati na sayansi hupenda sana.

Hatua ya 10: Mavuno yana wenyewe

Amueni nani anakula kabla ya kupanda, na muandike. Mgao ninaouona kuwa wa haki ni huu: nusu kwa walengwa, robo kwa wanaofanya kazi, robo iuzwe kulipia maji na mbegu. Mtu anayejitolea naye ana familia. Fungu la mchicha mkononi akirudi nyumbani si rushwa wala malipo.

Walengwa watajwe kwa kundi, siyo kwa uso. Kliniki ya mama na mtoto ina siku zake. Pelekeni mafungu asubuhi hiyo na mkabidhi kwa muuguzi. Siku ya Afya na Lishe, inayofanyika kila robo mwaka, ni nafasi ya kupika hadharani. Mpishi wa kikundi aonyeshe mambo mawili tu: maji yaliyochemshia mboga yasimwagwe, na mboga za majani ziungwe kwa mafuta kidogo au karanga, kwa sababu mwili hauchukui vizuri vitamini A ya mboga bila mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Leteni mizani, pimeni gramu hizo mbele ya akina mama, waone ni kiasi gani kwenye sahani.

Hatua ya 11: Viroba kwa wazee wanaoishi peke yao

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na inafaa kuanza baada ya mavuno ya kwanza, mkishakuwa na miche ya kutosha. Bibi asiyeweza kufika bustanini apelekewe bustani mlangoni.

Chukueni kiroba kikubwa au gunia la kilo 100. Changanyeni udongo, mboji na mchanga kidogo. Wekeni kopo kubwa lililotolewa kitako na mfuniko katikati ya kiroba, lijazeni kokoto, jazeni udongo kuzunguka kopo, kisha livuteni juu na kurudia mpaka kiroba kijae. Mtabaki na mnara wa kokoto katikati, unaopeleka maji hadi chini. Toboeni matundu ubavuni kwa mpishano, sentimita 20 kati yake, mpandikize sukuma wiki au mnavu. Juu wekeni nyanya chungu mbili. Dumu moja la maji linatosha kwa siku mbili au tatu, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa.

Kiroba kisipelekwe na kuachwa. Kila mzee apewe jozi ya kumtembelea mara moja kwa wiki, na jozi hiyo ibaki ileile. Watabeba maji, watang'oa majani yaliyozeeka, na watakaa. "Shikamoo bibi" ya kila Alhamisi ina faida ambayo haipimwi kwa mafungu. Akionekana hali vizuri au dawa zimemwishia, jozi ndiyo itakayojua kwanza na kumwambia mhudumu wa afya wa eneo hilo.

Hatua ya 12: Pesa ndogo, daftari kubwa

Vifaa vya kuanzia si vingi: keni nne, majembe manne, jembe-uma mbili, reki mbili, chepe mbili, panga, toroli moja, madumu. Wanachama wengi wana majembe nyumbani. Yaandikwe majina kwa rangi ili yarudi kwa wenyewe. Daftari la mapato na matumizi lisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wote, hata kama ni shilingi elfu nane za mchicha.

Mtasikia habari ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa nzuri kwa kikundi cha biashara. Kikundi cha kujitolea kikichukua mkopo, kitalazimika kuuza kila fungu ili kurejesha, na kliniki itasahaulika. Wanaotaka kulima kibiashara waunde kikundi chao, na wabaki marafiki wa bustani.

Hatua ya 13: Mbegu za msimu ujao

Achieni mimea kumi bora ya mchicha kwenye kona moja ikomae, na mng'oe mchicha pori wote ulio karibu usije ukachanganya mbegu. Vichwa vikianza kudondosha mbegu ukivisugua, vikateni, vianikeni juu ya turubai kivulini, pigeni, pepeteni kwa ungo. Nyanya chungu ziachwe ziive hadi ziwe nyekundu, zikamuliwe, mbegu zioshwe na kukaushwa kivulini. Mbegu za chotara msizihifadhi, hazirudii uzao wa mama yake. Wekeni kwenye chupa kavu yenye kijiko cha jivu kavu, na karatasi ndani inayosema aina, tarehe na namba ya tuta. Kila mwanachama apate pakiti moja ya nyumbani kwake, na pakiti nyingine zihifadhiwe kwa kikundi kitakachokuja kuomba.